Hamamu ya Mastur

Mtu wa kijiji chetu akikuambia kwamba Mastur bin Muslih aliwauzia watu wa hoteli mwamba mtupu, mwache amalize, kisha njoo uniulize mimi. Mimi Rajih ndiye niliyekuwa nikimpeleka baharini kila alipokwenda. Mashua ni yangu, injini ni yangu, na macho yaliyoona ni haya haya mawili, hata kama moja limeanza kuingia ukungu. Hao wengine walikuwa wameegemea mito barazani wakichambua tende. Mtu wa kwenye mto ataijuaje bahari? Lakini midomo wanayo, na ulimi hauna mfupa.

Tulikua nyumba kwa nyumba, mimi na yeye, hapa Tihama kusini ya Lith, ambako jua halina adabu na mbuzi wanakula makaratasi. Baba yake alikuwa mvuvi wa papa. Alipokufa alimwachia Mastur nyavu mbovu na mapafu mazuri, basi. Kijana akaanza kuzamia kamba koche kwa kubana pumzi, halafu akaenda Jidda kutafuta kazi ya gatini, na aliporudi alikuja na mtungi wa hewa mgongoni na ruhusa ya kuongoza wageni chini ya maji. Watu walimcheka hadi mate yakawapalia. Ami yake mmoja alimwambia, "Mungu amekupa pua bure, wewe unakwenda kununua hewa ya mpira." Mastur alicheka pamoja nao. Ndivyo alivyokuwa, mpole mpaka anakera. Mimi ningemrudishia yule mzee maneno ambayo angelala nayo.

Hamamu, yaani bafu, ndivyo alivyoiita, aliipata akifuata kamba koche. Ni jiwe kubwa la matumbawe lililojitenga, limekaa juu ya mchanga karibu na pale mwamba unapokatika na maji kuwa meusi. Jiwe lenyewe halina uzuri wa kukushangaza. Lakini ndani ya mashimo yake wanaishi samaki wembamba wenye mstari wa buluu, wadogo kama kidole, ambao sisi tunawaita vinyozi. Na joto likianza, manta wanakuja kwao. Namaanisha taa wale wakubwa, wenye mabawa mapana kuliko mashua yangu na pembe mbili mbele ya mdomo. Manta anafika, anasimama juu ya jiwe, anatanua mdomo na matamvua, na vinyozi wanapanda kumsafisha chawa na ngozi iliyokufa, wengine wanaingia mpaka kooni. Yeye ametulia tuli. Wenzake wanazunguka pembeni wakingoja zamu.

Aliponihadithia nilimwambia mtungi wake umejazwa hewa mbaya. Akanivalisha miwani, akanisukuma kichwa majini, nikaona kwa macho yangu. Maji ya pale ni safi, ukiwa juu unaona mpaka chini. Nilipoinua kichwa nilimwambia, "Hawa wana adabu kuliko watu wetu kwenye foleni ya mkate." Akacheka sana. Nilifurahi kuona anavyofurahi, na sioni haya kusema hivyo.

Tangu siku ile hapakuwa na jambo jingine kichwani mwake. Wageni aliwapata kidogo kidogo, walimu na wahandisi wanaokuja kutoka Jidda siku za mapumziko, na aliwaongoza kwa masharti yake. Nanga hatushushi. Injini nazima mbali, wanaogelea wenyewe. Wanashuka upande wa mchanga, wanalala kifudifudi pembeni, na hakuna anayepita juu ya jiwe wala kunyoosha mkono. "Ukielea juu ya Hamamu," alikuwa akiwaambia, "umemkalia kichwani mtu anayenyolewa." Aliyekaidi alivutwa kwa pezi la mguu mpaka juu, na mimi nikampakia mashuani na kumpa chai na maneno yangu mawili matatu. Hawakurudi, hao. Waliobaki walitosha.

Manta kila mmoja ana madoa yake tumboni, hawafanani, kwa hiyo aliwajua kwa sura na akawapa majina. Mwenye mdomo mpana kupita wote alimwita Mkwe, na mama wa mke wake Muzna alipopata habari hakuongea naye mwezi mzima wa Shaabani. Mzee wao, jike kubwa jeusi lililokatwa mkia zamani na kitu gani sijui, alimwita Shangazi. "Kwa sababu," alisema, "anakuja bila kualikwa na anaondoka wa mwisho." Shangazi alimpenda kwa namna ambayo siwezi kuieleza bila watu kunicheka. Mastur akilala pale mchangani, yeye anaacha vinyozi na kuja kuelea juu yake, ili mapovu ya pumzi yake yamkune tumbo. Mastur anatulia, mikono kifuani, anapumua polepole.

Muzna mwenyewe alizoea kusema, "Nikifa huyu ataoa taa. Wao hawamuulizi chumvi imekwisha lini."

"Na hawana ndugu wa kuja kula," Mastur alimjibu.

Basi sasa nije kwenye kahawa, kwa sababu balaa liliingia kwa mlango wa kahawa.

Muzna alikuwa na ami yake, Dakhil, mkubwa wa ukoo wao, mtu wa ndevu nzuri na joho lililopigwa pasi. Dakhil alikuwa na mtoto wa kiume, Nayif, ambaye wakati ule alikuwa bado hajaoa. Mastur hakujaliwa mtoto wa kiume, alikuwa na binti mmoja tu, Raifa, na kijiji kizima kilikuwa kinanong'ona kwamba Nayif anamtaka. Wanawake walishaanza kuangaliana kwa kicheko kisimani. Kwa hiyo Dakhil alipotuma salamu kwamba atakuja baada ya swala ya alasiri na wazee wawili, nyumba nzima ilielewa. Muzna alifukiza udi mpaka mimi nikakohoa. Nilikuwepo, ndiyo. Kahawa ikipikwa kwa Mastur mimi huwa nipo.

Walikuja, wakaketi, wakaulizana habari za mvua na mbuzi. Mastur alimimina mwenyewe, birika mkono wa kushoto, kikombe mkono wa kulia, akaanza na Dakhil. Dakhil akapokea kikombe, akakiweka chini kwenye zulia bila kukigusa na mdomo. Wale wazee wawili nao wakaweka vyao.

Kwetu huku hakuna asiyejua maana yake. Mgeni aliyeweka kahawa chini amekuja na haja, na hatainywa mpaka ajue atapata. Akiondoka kikombe kikiwa kimejaa, aibu inabaki kwa mwenye nyumba, na watoto wake wataisikia wakiwa na wajukuu. Sasa mwenye nyumba ana njia mbili. Anaweza kusema, "Itajeni haja yenu." Hiyo ndiyo njia yangu mimi, na ndiyo maana wananiita bahili. Au anaweza kusema lile neno kubwa, la watu wakarimu, kabla hajasikia chochote.

"Mbona hunywi, Ami?" Mastur aliuliza.

"Tuna haja nawe, Abu Raifa."

Nyuma ya pazia tulisikia bangili. Mastur aligeuza uso kidogo upande ule, na nikaona tabasamu linamtoka bila ruhusa yake.

"Kunyweni kahawa yenu," alisema. "Mlilolijia mmelipata."

Wakanywa. Dakhil alikunywa chote, akatikisa kikombe kuonyesha ametosheka, akafuta ndevu.

"Mungu akuzidishie," alisema. "Nayif amepata kazi na hoteli mpya ile ya kisiwani. Ndiye msimamizi wa mambo yao ya baharini. Wageni wao wanataka kuona manta. Tumekuja kutaka uwapeleke Hamamu, wewe mwenyewe, kila siku watakayohitaji."

Bangili zilinyamaza. Mimi nilimwangalia Mastur, nikaona damu imemkimbia usoni.

"Ni hilo tu, Ami?"

"Hilo tu. Kwani ulidhani tumejia nini?"

Mmoja wa wale wazee alicheka puani. Alijua. Naapa alijua, na Dakhil alijua, na walikuwa wameichagua alasiri ile makusudi, wakati kijiji kizima kinanong'ona harusi. Kama walikuwa hawajui basi mimi ni mbuzi.

"Mmelipata," Mastur akasema tena.

Walipoondoka nilimfokea pale pale mlangoni. "Ungesema tajeni kwanza. Neno moja tu. Ungesema tajeni."

"Mbele ya watu, Rajih? Nimwambie ami wa mke wangu ataje shida yake kama ombaomba wa sokoni?"

"Sasa yeye amekugeuza nini?"

Ndani Muzna alikuwa anakusanya vikombe kwa kelele. "Umetoa mwamba," alimwambia mumewe, "na binti umebaki naye." Raifa hakutoka chumbani jioni ile. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Yetu sisi ilikuwa mgeni njoo, mwenyeji augue.

Siku za mwanzo, nisidanganye, zilikwenda vizuri. Hoteli walileta wageni wachache kwa mashua ndogo, Mastur akawapa masharti yake, wakayashika. Walitoka majini macho yamewatoka, mama mmoja mtu mzima alimshika Mastur mkono akakataa kuuachia. Nilianza kufikiri labda nimekuwa mbaya wa moyo. Halafu picha zikasambaa kwenye simu za watu, na hoteli ikanunua jahazi la injini kubwa, refu kuliko msikiti wetu. Asubuhi watu wanashushwa majini kama magunia ya mchele. Masharti nani atayasikia kwenye kelele ile? Walipiga magoti juu ya matumbawe, wakayavunja kwa mapezi yao, wakawakimbiza manta na kamera mkononi. Siku moja Mastur alikuta kijana amekaa juu ya Hamamu yenyewe, amekunja nne, mwenzake anampiga picha. Akamvuta kwa mguu mpaka juu, kama zamani.

Jioni Nayif alikuja kwenye mashua yetu. Hakupanda, alisimama gatini na miwani yake ya jua.

"Ami Mastur, tafadhali, usiwaguse wageni. Wamelalamika."

"Nao wasikae juu ya Hamamu."

"Ni jiwe tu, ami."

"Wanaoishi humo wamekuambia ni jiwe tu?"

Nayif akacheka, akanigeukia mimi kama vile nitamsaidia kucheka. Nikatema mate majini. Alikuwa kijana mzuri wa sura, hilo sikatai, na Raifa alikuwa bado anachungulia akipita.

Halafu wakaleta kamba. Jahazi lile halikuweza kuzima injini na kungoja mbali kama sisi, ilibidi lifungwe. Wakazamisha zege chini, hatua chache tu kutoka Hamamu, wakafunga kamba nene ya nailoni ikapanda mpaka juu kwenye boya jekundu. Mastur aliwaambia isikae pale. Aliwaambia kwa upole, akawaambia kwa ukali, akamwambia Nayif na akamwambia nahodha wa jahazi. Wakasema watalitazama suala hilo. Walitazama hivyo hivyo mpaka asubuhi ile.

Tulikuwa tumewatangulia. Boya nililiona linazama na kuibuka, linazama na kuibuka, na upepo hakuna. Mastur hakungoja hata kujaza hewa kwenye koti lake la kuzamia. Aliruka. Nami nikavaa miwani nikaingiza uso majini, na laiti nisingefanya hivyo.

Alikuwa Mkwe. Kamba ilikuwa imepita katikati ya pembe zake. Manta hajui kurudi nyuma, Mungu hakumpa uwezo huo. Akinasa anasukuma mbele, na akisukuma anajizungusha, na akijizungusha kamba inamfunga zaidi. Akikwama muda mrefu maji hayapiti kwenye matamvua yake na anakosa pumzi. Alikuwa amejifunga mara nyingi mpaka kamba imeingia kwenye nyama, na ule mtikisiko wa boya ulikuwa mkondo wa maji tu ukimchezesha, kwa sababu yeye alikuwa ameshakufa. Mastur aliikata kamba kwa kisu. Alijaribu kumshika, lakini manta ni mzito, akateleza akaenda zake kule kwenye weusi, tumbo juu.

Mastur alipanda mashuani akaketi na kipande cha kamba mkononi, akalia. Alilia kwa sauti, kama mtoto aliyepigwa asipostahili. Mimi nilijifanya nahangaika na injini.

Alasiri alikwenda kwa Dakhil, na mimi nikamfuata ingawa hakuniita. Kwenda kumshtaki popote hakuweza. Ukimwambia mtu mbele ya wanaume "umelipata," halafu ukaenda kumshtaki kwa kulitumia, umejishtaki mwenyewe. Njia ilikuwa moja tu, Dakhil amwachilie kwa hiari yake.

"Ami," Mastur alisema, "nakuomba uniachilie neno langu. Kamba imeua mmoja. Itaua wote."

Dakhil alimpa kahawa. Alimpa mwenyewe, kwa mkono wake, na Mastur akaiweka chini. Nikasema moyoni, haya, sasa tutaona nani mkarimu.

Dakhil alikitazama kile kikombe. "Inywe kahawa yako, Mastur," alisema. "Ingali ya moto. Au taja haja yako na uilete kwa namna nyingine, maana hii siiwezi. Mtoto wangu ametia saini na wale watu. Neno la mwanamume si shati, ulivue likikubana."

"Ni viumbe wa Mungu, Ami."

"Na kamba koche uliowala miaka yote walikuwa viumbe wa nani?"

Watu barazani walicheka. Mastur akainua kikombe chake, akakinywa kikiwa cha moto, akasema ahsante. Nilitaka kulimwaga birika lile kwenye ndevu zile nzuri. Njiani nilitukana kwa niaba yetu sote wawili mpaka tulipofika kwangu.

"Rajih," alisema, "neno nililotoa ni kuwapeleka Hamamu kila siku watakayohitaji."

"Ndiyo. Kichwa chako kigumu, ndilo ulilotoa."

"Nitawapeleka. Sikuahidi watakachokikuta."

Sikumwelewa. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza daktari mahali panapouma. Kamba mpya ilikuwa imeshafungwa mchana ule ule, mahali pale pale. Manta wataendelea kuja maana ndipo wanapopajua, na kila atakayenasa atakufa. Kuondoa kamba hana uwezo. Kuwaondoa wageni hana uwezo. Waliobaki ni manta.

"Wakifika kuoga wakakuta kelele na fujo kila siku, watatafuta hamamu nyingine," alisema. "Bahari ni kubwa."

"Na kama hakuna nyingine?"

"Nipeleke alfajiri," alisema. "Kabla ya jahazi."

Nilimpeleka. Alishuka na nondo. Manta wa kwanza waliingia kutoka kule kwenye kina, wakipiga mabawa polepole kama wanawake wanaokunjua shuka, na Mastur akawapitia juu, mahali ambapo hakuruhusu mtu apite, akipiga mtungi wake kwa ile nondo. Nilisikia milio inapanda kupitia mbao za mashua na kuniingia miguuni. Walishtuka, wakageuka wote pamoja, wakapotea. Vinyozi walijificha. Alingoja wengine, akawafanyia vile vile. Hewa ilipomwishia akapanda, tukanywa chai bila kuangaliana, na jahazi lilipokuja akawapokea wageni na kuwapa masharti yake yote, neno kwa neno, halafu akawaongoza kwenye jiwe lisilo na kitu.

Tukafanya hivyo kila alfajiri. Wakaanza kupungua. Mmoja hakuonekana tena, kisha wawili, kisha kundi zima. Wana akili wale. Wanajifunza haraka nani ni adui.

Isipokuwa Shangazi. Yeye kelele zile hakuzichukulia kuwa zake. Mastur akipiga mtungi anasogea kidogo, anazunguka, anarudi. Nadhani alifikiri Mastur amepatwa na jambo. Asubuhi moja, wengine wote wakiwa wameshakimbia, nilimwona kutoka juu akija moja kwa moja kwake, akasimama juu ya kichwa chake, akatandaza mabawa ili mapovu yamkune tumbo. Kamba ilikuwa hapo hapo, karibu na pembe yake, inayumba. Mastur aliacha kupiga. Alikaa chini yake, mapovu yanapanda, na kwa muda niliomba aache tu, aache iwe itakavyokuwa.

Akainua nondo akampiga. Hakuwahi kumgusa hata mmoja wao aliye hai tangu tuwajue, hata kwa ncha ya kidole, na sasa alimpiga usoni kwa chuma. Mwili wote wa yule mnyama ulitikisika. Akampiga tena. Shangazi aligeuka, nikaona tumbo lake jeupe na madoa yake, halafu akaenda. Hakukimbia kama wengine. Aliondoka taratibu, upande mmoja umelegea, na hilo ndilo lililoniuma mimi kuliko yote.

Mastur alipofika juu alishika ubavu wa mashua kabla hajavua miwani.

"Amekwenda?" aliuliza.

"Amekwenda."

"Nimempiga jicho?"

"Pembeni ya jicho."

"Unanidanganya."

"Nakudanganya," nikasema. Nikamvuta ndani.

Msimu uliobaki wageni wa hoteli waliona mchanga. Walilalamika, kisha hawakuja tena, na hoteli ikavunja mkataba na kulipeleka jahazi kwenye mambo ya kuteleza juu ya maji. Nayif akafukuzwa kazi. Na Dakhil akaita watu barazani kwake, akasema mbele ya kila mwenye ndevu kwamba Mastur bin Muslih amewatapeli, kwamba manta wale walikuwa wapitaji tu wa msimu mmoja, naye akawauza kama wenyeji wa pale, na kwamba anamhurumia mtoto wa ndugu yake kwa kuolewa na mwongo.

Nilisimama. Nilikuwa na maneno, nayo yalikuwa mdomoni tayari, matamu kama halua. Mastur alinikamata goti akalibana mpaka nikaketi. Nilijua kwa nini. Wakijua kwamba manta ni wa pale pale na yeye ndiye aliyewafukuza, watangoja warudi. Basi akanyamaza, akala tusi lile lote hadi mwisho, akawaaga kwa heshima. Watu wengine wa rika letu hawajamsalimia vizuri tangu siku ile. Watoto wakimwona na mtungi wanamuuliza, "Baba, leo umeona wangapi? Au umeona kivuli chako?" Hata Muzna hajui. Aliishi na aibu ile miaka akidhani ni ya kweli, na akamuoza Raifa mbali, Jizan, kwa watu wasiojua habari zetu. Harusi ilikuwa ndogo. Nayif alishaoa.

Nimesema kwa sababu hoteli nayo imefungwa sasa, na Dakhil yuko kaburini, Mungu amrehemu akipenda. Kamba ilioza ikakatika yenyewe. Boya lilisukumwa pwani, mke wangu anapandia nanaa ndani yake. Chini kule matumbawe yameanza kuota tena, na vinyozi wamerudi wengi kuliko zamani, wanacheza juu ya jiwe wakimngoja mtu. Mastur anazama kila joto linapoanza. Analala mchangani pembeni, mikono kifuani, mpaka hewa inakaribia kwisha, kisha anapanda na mimi namuuliza, na yeye anatikisa kichwa.

Miaka yote nilikuwa namwambia watarudi. Nilisema hivyo tena juzi, nikimpokea mtungi.

"Wewe ungerudi?" aliniuliza.

Nikaulaza mtungi chini na kuufunga.

"Mimi nisingerudi," akasema, akaanza kuvua mapezi yake. Nikawasha injini.